Chanjo ya mafua makali: nani aanze pale nyumbani, na lini kwa sisi wa Dodoma

Mwaka jana mwezi wa saba, upepo wa Kongwa ukiwa kwenye ukali wake, mama aliniambia kwenye simu kwamba ana "vimafua tu". Siku ya kwanza akanywa tangawizi na malimau. Siku ya pili akajifukiza. Siku ya tatu jirani yake mwema akamnunulia antibayotiki dukani, bila cheti wala kipimo. Siku ya tano nilimpokea stendi ya Nanenane akiwa hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati. Nimonia. Alilazwa siku tisa, nne kati ya hizo akiwa kwenye oksijeni.

Mama ana miaka 68, ana kisukari cha muda mrefu, na moyo wake umechoshwa na presha. Daktari aliyepita wodini aliniuliza kama aliwahi kupata chanjo ya mafua makali. Nilimtazama tu. Nina shahada, nafanya kazi Mtumba, kwenye mji wa Serikali, naandika taarifa za watu wengine kila siku, na sikujua kama chanjo hiyo ipo.

Mwaka huu nilitenga fedha ya sindano mbili. Nyumbani kwetu Ipagala, mama akija kukaa nasi, tunakuwa watu saba. Kwa hiyo swali la kama chanjo ni nzuri lilikwisha mapema. Lililonikosesha usingizi ni la mgawanyo: sindano mbili, watu saba. Nimelinganisha kwa wiki kadhaa, nimewauliza wauguzi na madaktari, na ninaweka hapa nilipofikia ili mwenzangu aliye na hesabu kama yangu asianzie sifuri.

Mafua na mafua

Neno letu "mafua" limebeba magonjwa mawili, na hapo ndipo wengi tunapoumia.

Mafua ya kawaida huja taratibu. Leo koo linawasha, kesho pua inachuruzika, keshokutwa unapiga chafya ofisini lakini unafanya kazi. Yanaletwa na virusi vya aina nyingi sana, zaidi ya mia mbili, na hakuna chanjo yake. Mafua makali yanaletwa na virusi vya influenza peke yake, na mtu aliyeyapata hukumbuka mpaka saa yalipomwangukia. Saa nne asubuhi uko soko la Majengo unachagua nyanya, mzima kabisa. Saa kumi jioni umejifunika blanketi mbili, homa iko juu, mgongo na miguu vinauma kana kwamba umelima shamba la watu, na kikohozi kikavu kimeanza. Homa ikishuka, uchovu unaweza kubaki wiki mbili.

Chanjo ninayoizungumzia ni ya hayo ya pili tu. Mtu akichanjwa mwezi wa tano, mwezi wa sita pua ikachuruzika, hajadanganywa na mtu. Hayo ni yale mengine.

Kuna jambo la kwetu ambalo ni lazima nilitaje. Homa ya ghafla Tanzania ni malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo, na hiyo ni tabia njema: pima malaria kwanza, usikisie. Tatizo linaanza kipimo kikionyesha hakuna. Hapo utasikia taifodi, utasikia UTI, na mgonjwa ataondoka na mfuko wa dawa. Influenza haitajwi, kwa sababu kipimo chake hakipo kwenye zahanati nyingi. Ugonjwa usiotajwa huonekana kama haupo. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya milioni 3 na milioni 5 duniani huugua influenza vibaya, na kati ya 290,000 na 650,000 hufa kwa matatizo ya upumuaji yanayotokana nayo. Na sisi wa Ugogo tuna kumbukumbu yetu. Wazee wanaposimulia Mtunya, ile njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, ndani yake kuna pia ile influenza ya 1918 iliyozunguka dunia nzima na kuwakuta watu hapa wakiwa tayari wamedhoofika.

Kuchanja, au kungoja na kutibu

Niseme ukweli wote hata ule usiopendeza. Chanjo ya mafua makali haina nguvu kama ya surua. Mwaka ambao virusi vilivyowekwa kwenye chanjo vinafanana vizuri na vinavyozunguka mtaani, inapunguza uwezekano wa kuugua hadi kuhitaji daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Mwaka ambao havifanani, chini ya hapo. Mtu anayetaka ukuta usio na tundu hataupata hapa.

Ila nusu si kitu kidogo ukiiangalia kutoka kitandani wodini. Isitoshe, wanaochanjwa na bado wakaugua kwa kawaida huugua kwa wepesi, na wachache zaidi huishia kulazwa. Nimejumlisha gharama za siku tisa za mama: vitanda, dawa, nauli, chakula cha kupeleka, siku zangu za kazi. Sitaki kuirudia hesabu hiyo.

Na upande wa pili, yaani kungoja na kutibu, una nini? Tangawizi, asali na malimau hulainisha koo, nami nitaendelea kunywa. Haviui virusi. Antibayotiki haziui virusi pia. Zina kazi pale bakteria wanapoingia mapafuni baadaye, na hilo huamuliwa na aliyekusikiliza kifua, siyo muuza duka. Ipo dawa ya virusi vya influenza, oseltamivir, lakini nguvu yake kubwa ni ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Saa 48 za mama zilikwisha akiwa bado kwenye tangawizi.

Hofu niliyoisikia zaidi ni kwamba sindano yenyewe inaleta mafua. Haiwezi. Chanjo ya sindano ina virusi vilivyouawa au vipande vyake tu, na kilichokufa hakizaliani. Kinachotokea ni mkono kuuma, pengine homa ndogo na mwili kuchoka siku moja au mbili. Kinga huchukua kama wiki mbili kujijenga, kwa hiyo aliyeambukizwa siku tano baada ya sindano ataugua na kuilaumu sindano bure.

Wa kusita ni wachache: aliyewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo hii hii, na aliyewahi kupooza kwa ugonjwa wa Guillain-Barré, huyo azungumze na daktari kwanza. Mwenye homa kali leo angoje apone. Chanjo nyingi bado zinakuzwa ndani ya mayai ya kuku, na zamani wenye mzio wa mayai walizuiwa. Miongozo ya sasa ya Marekani imeondoa kizuizi hicho.

Mama na mdogo wangu wa bodaboda

Hapa ndipo nilipobishana na nafsi yangu. Mdogo wangu anabeba watu mchana kutwa, kutoka Nkuhungu hadi Chang'ombe, wote wakimpumulia shingoni. Ukiniuliza nani ana nafasi kubwa ya kuupata ugonjwa, ni yeye. Mama anakaa barazani anachambua mlenda.

Lakini kuupata ni jambo moja na kuponea ni jingine. Kijana wa miaka 24 mwenye afya atalala siku tano, atanung'unika, atainuka. Mwili wa mama hauna akiba hiyo. Kisukari hudhoofisha kinga, na influenza yenyewe hupandisha sukari. Moyo ndio ulionitisha zaidi: utafiti uliofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika siku saba baada ya mtu kuthibitika ana influenza, uwezekano wa kupata shambulio la moyo ulikuwa mara sita ya nyakati zake nyingine. Mara sita! Tunasema "bibi alipata mafua, kisha moyo ukasimama", kana kwamba ni habari mbili tofauti.

Sindano ya kwanza ikawa ya mama. Wenzetu wa nchi tajiri wana chanjo maalumu za watu wa miaka 65 na kuendelea, zenye dozi kubwa au kichocheo cha kuamsha kinga, kwa kuwa mwili wa mzee huitikia kwa uvivu. Ukiambiwa ipo, ichukue. Ukikuta ya kawaida tu, chukua ya kawaida, usimwache mzee apite msimu mtupu kwa kungoja iliyo bora.

Wifi, na mtoto wa miaka miwili

Wifi yangu ana mimba ya miezi sita. Mwanawe wa kwanza ana miaka miwili. Mapenzi yote ya nyumba yalitaka mtoto apewe, maana ndiye anayekohoa usiku tukaamka wote.

Nikaweka upande huu na upande huu. Mtoto wa umri chini ya miaka tisa anayechanjwa mafua kwa mara ya kwanza huhitaji dozi mbili, zikiachana wiki nne. Hiyo ni bajeti yangu nzima kwa mtu mmoja. Tena mtoto huyu amekamilisha kliniki: amepata zile chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambazo zinamkinga na bakteria wawili wakubwa wa nimonia. Hajakingwa na influenza, na watoto wa chini ya miaka mitano wamo kwenye kundi la hatari. Sitaki mtu asome hapa kwamba hawahitaji. Ila hayupo mtupu.

Wifi, kwa upande wake, sindano moja inalinda watu wawili. Mjamzito akipata influenza huugua vibaya kuliko mwanamke wa umri wake asiye na mimba, kwa sababu kinga, moyo na mapafu vimebadilika kumpisha mtoto. Na kichanga chini ya miezi sita hawezi kuchanjwa mafua kabisa, popote duniani. Njia pekee ya kumpa kinga ya chanjo ni kupitia damu ya mama kabla hajazaliwa. Jaribio lililofanyika Soweto, Afrika Kusini, matokeo yakachapishwa 2014, lilionyesha chanjo kwa mjamzito asiye na VVU ilipunguza influenza kwa karibu nusu, kwa mama na kwa mtoto mchanga vilevile. Shirika la Afya Duniani liliwaweka wajawazito mbele ya foleni mwaka 2012.

Wifi alikuwa na wasiwasi, na haki yake.

"Wifi, mimi naogopa nisije nikamdhuru huyu."

"Ile ya pepopunda ulichomwa lini?"

"Mwezi uliopita, kliniki."

"Ulichomwa kwa ajili ya nani?"

Akanyamaza, akajishika tumbo. "Walisema ya mtoto asipate pepopunda ya kitovu."

Ni kazi ile ile. Sindano ya mafua inaweza kutolewa mimba ikiwa na umri wowote, mradi ni ya sindano. Ipo nyingine ya kupuliziwa puani, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa; hiyo mjamzito haruhusiwi, wala mwenye kinga dhaifu.

Sindano ya pili ikawa yake.

Waliobaki kwenye foleni

Mume wangu ana pumu. Vumbi la Dodoma la mwezi wa nane linamtosha. Influenza juu yake ni safari ya usiku kwenda kuwekewa mvuke. Yeye ni wa tatu, na fedha ikipatikana haraka hatangoja mwakani. Angeishi hapa jirani yetu muuguzi, ningesita: wahudumu wa afya wanahesabiwa mstari wa mbele, kwa kuwa wanaupata wodini na kuupeleka kwa wagonjwa wasio na nguvu. Mwajiri wake akitoa, asikatae.

Wenye siko seli, VVU, ugonjwa wa figo, kifua cha muda mrefu, au wanaotumia dawa za kushusha kinga wako kwenye daraja la mama, hata wakiwa na miaka ishirini. Anayekwenda Hija ajue Saudi Arabia inashauri chanjo hii kwa mahujaji, mbali na ile ya uti wa mgongo ambayo ni lazima.

Mimi, mdogo wangu na mtoto wangu wa sekondari tuko mwisho. Tuna kazi yetu: kunawa mikono, kukoholea kiwiko, na kukaa mbali na mama siku tukiwa na homa.

"Lakini mtoto alishachomwa ya nimonia"

Hili niliulizwa mara nyingi, nikaona nichore:

| | Chanjo ya mafua makali | Chanjo ya nimonia |
|---|---|---|
| Inakinga na nini | Virusi vya influenza | Bakteria anayeongoza kwa kuleta nimonia |
| Kurudia | Kila mwaka | Mtoto kwa ratiba. Mtu mzima mara moja au mbili, kutegemea aina |
| Kliniki ya mtoto | Haimo kwenye ratiba ya taifa | Imo tangu 2013: wiki ya 6, 10 na 14 |
| Mzee mwenye kisukari | Anaihitaji | Anaihitaji pia |

Zinasaidiana. Influenza huchubua njia ya hewa, bakteria hupita mlango uliobomolewa, na ndivyo daktari alivyonieleza safari ya mama kutoka mafua hadi oksijeni. Ya nimonia tumempangia mwezi ujao. Ya korona ni nyingine kabisa, virusi vyake ni tofauti, ingawa inaweza kutolewa siku moja na ya mafua.

Ya kusini na ya kaskazini

Sehemu hii sikuijua mpaka nilipokaribia kununua, nayo inaweza kukuokolea fedha.

Virusi vya influenza hubadilika sura bila kuchoka, ndiyo maana sindano ya mwaka jana haikutoshi. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hukutana mara mbili kwa mwaka kuchagua virusi vya kuwekwa kwenye chanjo: mwezi wa pili kwa nusu ya kaskazini ya dunia, na mwezi wa tisa kwa nusu ya kusini. Siku hizi wanachagua vitatu, viwili vya kundi A na kimoja cha kundi B. Ukoo mwingine wa B ambao zamani uliwekwa haujaonekana tena tangu Machi 2020.

Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Nchi za joto hazina msimu mmoja uliokatwa kwa kisu kama Ulaya. Virusi huzunguka karibu mwaka mzima, vikipanda na kushuka. Lakini tunajua miezi ambayo hapa tunafunga madirisha: wa sita, wa saba na wa nane, usiku wa baridi, hewa kavu, watu wamejazana ndani. Chanjo ya kusini hutoka miezi michache kabla ya hapo. Ukichomwa mwezi wa nne au wa tano, kinga imesimama kipupwe kinapoingia. Ya kaskazini hufika kuelekea mwisho wa mwaka. Inamfaa zaidi anayesafiri kwenda Ulaya au Marekani kwenye baridi yao. Kinga hushuka kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo sindano ya Oktoba inakuwa imechoka Julai.

Kwa mjamzito hesabu ni nyingine. Usimngojeshe msimu akajifungua. Apewe iliyopo, mradi haijaisha muda.

Kuipata

Usiende kliniki ya mama na mtoto ukitarajia kuikuta kwenye ratiba, na uwe tayari kulipa mfukoni. Piga simu hospitali kubwa kabla ya kupanda daladala, za serikali na za binafsi, na uliza mambo matatu: ni ya mwaka gani, ni ya kusini au kaskazini, na kama imekaa kwenye jokofu la chanjo muda wote. Inatakiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na haitakiwi kugandishwa. Mahali pa kwanza nilipopiga nilijibiwa "ipo", na nilipouliza mwaka, ikawa imepita muda wake miezi miwili. Mahali pa tatu yule muuguzi alinisomea boksi neno kwa neno, nikajua hapa nimefika.

Mama alikuja wiki ya pili ya Mei na kikapu cha karanga. Walichomwa pamoja, yeye na wifi, wamekaa benchi moja. Mkono wa wifi uliuma siku mbili. Mama anasema wake hakuusikia. Usiku ule tukila, aliweka tonge chini.

"Mwanangu, yule jirani aliyeninunulia vidonge, naye ana sukari. Tena ana miaka mingi kunipita. Yeye atachomwa wapi?"

Kutoka kwake hadi Dodoma mjini ni kilomita zaidi ya themanini, na hana mtoto Mtumba. Nimempigia mama simu tena juzi, nikamwambia akija mwakani waje wawili.